Mama Hasikii

Remmy alimpenda Mwajabu kwa masikio kabla ya macho, na hilo hakulificha. Dada yake Aneth alimcheka kwamba kaposa sauti ya redio. Yeye akajibu kwamba redio zipo nyingi mjini, mbona hakuziposa.

Alikuwa na duka la sare za shule karibu na soko la Njombe. Mwajabu alikuwa na mashine ya kufumia masweta nyumbani kwa baba yake, Makambako, upande wa reli. Kwa muda mrefu walijuana kwa simu tu: masweta ya kijani, shingo ya V, mikono isibane. Kisha simu zikaanza kurefuka. Oda inakwisha, simu haikatwi. Remmy anamsikia akikata uzi kwa meno, akimjibu shangazi yake, akicheka kile kicheko chake cha kukizuia kooni, naye anabaki ameegemea kaunta wateja wakigonga kioo.

Siku alipofuata mzigo mwenyewe, alimkuta mlangoni mwanamke wa baibui jeusi na nikabu, macho tu nje. Macho yale yalimpima kuanzia viatu.

"Wewe ndiye mikono isibane?"

Remmy akasahau alichojia.

Alipopeleka posa, Mzee Hashimu, baba yake Mwajabu, alimruhusu kumwona uso mara moja, sebuleni, yeye mwenyewe akiwa amekaa katikati yao na gazeti ambalo hakulisoma. Mwajabu akainua kitambaa. Remmy akatazama, akainamisha kichwa, akasema, "Asante."

"Asante ya nini?" mzee akauliza nyuma ya gazeti. "Umeuziwa?"

Kwa upande wa Makambako, basi, hapakuwa na neno. Neno lilikuwa Njombe, mtaa wa Mjimwema, kwa mama yake Remmy.

Mama Esnath alikuwa Mbena wa Kichiwa, Mlutheri, mwanakwaya wa akina mama. Aliolewa na dereva wa lori, Mwislamu wa Songea, ambaye sasa ni marehemu. Remmy, yaani Ramadhani, alifuata dini ya baba. Aneth akabatizwa kwa mama. Idi na Krismasi zilipikwa katika nyumba ileile, katika sufuria ileile, na hakuna aliyewahi kuona ajabu. Ndiyo maana Remmy hakuelewa mama yake alipotamka kwamba hawezi kumpokea mkwe wa kitambaa.

Siku moja alikuwa Makambako, chumba cha mashine. Shangazi Somoe alikaa mlangoni akiviringisha uzi, kwa sababu posa si ndoa na mlango lazima uwe na mtu.

"Siku moja tu," Remmy alisema. "Siku ya utambulisho. Wakishakuona, unavaa hadi kiyama."

"Na siku hiyo wanaume watakuwepo?"

"Wajomba. Ndugu. Watu wa nyumbani."

"Nyumbani kwako." Mwajabu alikuwa anahesabu vishikizo vya sweta, au anajifanya. "Kwangu ni wanaume."

"Mama hasikii, Mwajabu. Nimemwambia kwa upole, nimemwambia kwa ukali, nimemtuma Aneth. Hasikii. Utambulisho ni mwezi wa saba, mjomba Anderson keshawaalika wazee wa kanisa, na yeye anasema hatatoka chumbani kama bibi harusi amejifunika. Nifanyeje? Nitambulishe mchumba kwa mlango wa mama uliofungwa?"

"Hebu niulize na mimi, baba," Shangazi Somoe akaingilia. "Huko kwenu baridi ya Juni, mtu mzima anajifunga mtandio mpaka puani, mnamwambia afungue?"

"Shangazi, ile ni baridi."

"Ahaa. Kwa baridi ruhusa, kwa Mungu hapana."

Remmy akacheka kidogo, kicheko hakikufika popote. Akamgeukia Mwajabu, akashusha sauti. "Niambie ukweli. Ni dini au ni ubishi?"

Mwajabu akaweka sweta chini. Alianza kuvaa nikabu akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na hakuna aliyemlazimisha. Baba yake hakupenda. Alimwambia marehemu mama yake alijitanda mtandio tu, na yeye anaamini yuko peponi. Stendi walimwita ninja. Mteja mmoja alihamisha oda yake kwa mfumaji mwingine, akisema anapenda kuongea na mtu. Yote hayo aliyasikia, akaendelea kuvaa, kwa kuwa akivaa anatulia, na utulivu ule alikuwa hajaupata kwingine.

"Ilianza dini," alisema. "Ubishi mmeuongeza nyie."

"Mama si mtu mbaya."

"Mama yako alinituma kaburini, Remmy."

Shangazi Somoe akaacha kuviringisha uzi. Hilo alikuwa hajalisikia.

Ilikuwa siku ya kwanza kwenda Mjimwema, Mwajabu akaeleza, na sauti yake haikupanda wala kushuka. Remmy alitoka nje kupokea simu ya duka. Sebuleni wamebaki mjomba Anderson, wazee wawili wa jirani, na Mama Esnath. Mama akamuuliza habari za mama yake. Mwajabu akajibu kwamba mama yake alifariki yeye akiwa shule ya msingi. Na Mama Esnath akatabasamu, akasema: vizuri, basi na wewe ukifika umsalimie sana.

"Haiwezekani," Remmy alisema.

"Ukifika umsalimie sana. Neno kwa neno."

"Labda hukumwelewa."

"Ni Kiswahili."

"Mama yangu hawezi kumwambia mtu hivyo. Labda wewe ulikuwa umeshajiandaa kuchukiwa, ukasikia unachotaka."

Remmy alijua amekosea, ila neno lilishatoka na mlango ulikuwa wazi. Mwajabu akanyanyuka, akafungua sanduku lililokuwa chini ya mashine, akatoa kitenge alicholetewa wakati wa posa, kimekunjwa vilevile kilivyokuja.

"Usinipe mimi," Remmy alisema. "Mimi sipokei posa."

"Sikupi wewe. Nakipeleka kwa aliyekituma."

*

Alikwenda Jumamosi. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya chai na haukuonyesha dalili ya kuamka. Njiani wanawake wote walikuwa wamejizungushia mitandio na vitenge usoni, na Mwajabu kati yao hakuonekana wa ajabu sana.

Aneth ndiye aliyefungua geti.

"Jamani wifi. Ungesema unakuja tungepika kitu."

"Sikuja kula, wifi. Mama yupo?"

"Yupo jiko la nje. Remmy kamfuata mjomba kule Kichiwa, watarudi mchana. Ingia tu, mimi nafuata mafuta dukani. Ukibisha hodi akinyamaza, usijali. Siku hizi mama ni hivyo, akikasirika anamfanya mtu hewa."

Mwajabu akabisha hodi mlangoni mwa jiko. Mama Esnath alikuwa ameketi kwenye kigoda, mgongo mlangoni, akimenya viazi. Akabisha tena. Kisu hakikusimama. Akabisha mara ya tatu, kwa sauti ambayo jirani angeitikia, kisha moyo wake ukawa mgumu, akaingia akazunguka mbele ya yule mama.

Mama Esnath akaruka kidogo, kiazi kikamponyoka.

"Kumbe ni wewe. Mbona unaingia kama mwizi?"

Kuni za miwati zilikuwa mbichi na moshi umejaa. Mwajabu akatazama nyuma: walikuwa wanawake wawili tu. Akainua nikabu akaitupa kichwani, akapumua.

"Shikamoo, mama."

Mama Esnath alimtazama uso kwa mara ya kwanza, bila haraka, kama mtu anayetazama nguo aliyotajiwa tu. Macho yake yakaishia mdomoni.

"Marahaba. Kumbe una mwanya."

"Ndiyo, mama."

"Mzuri. Kaa hapa upande huu, moshi unafuata wageni."

Mwajabu akakaa. Alikuwa amepanga maneno yake njia nzima, na hakutaka mwanya uyavuruge. Akaweka kitenge kwenye ungo mtupu, kati yao.

"Mama, nimerudisha. Sikutaka kukituma na mtu. Nampenda mwanao, sitasema uongo. Lakini siwezi kuingia nyumba ambayo mama wa nyumba ananitakia kifo."

"Kifo? Nani kakutakia kifo?"

"Siku ile uliniuliza habari za mama yangu. Nikakuambia alifariki nikiwa mdogo. Ukaniambia vizuri, na mimi nikifika nimsalimie."

Kisu kikasimama. Mama Esnath akakiweka chini, akafuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja.

"Mama yako amefariki?"

"Nilikuambia, mama."

"Mimi nilijua umesema anatusalimia." Akatazama moto. "Ndiyo nikasema ukifika, yaani Makambako, ukifika nyumbani, umsalimie. Pole, mwanangu. Pole sana. Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini mbele ya wazee?"

"Ungesema. Hata ungenitukana ningejua kuna kitu."

Machozi yalimjaa Mwajabu, na kwa kuwa hakutaka yaonekane aligeuka kusukuma kuni. Akaongea na moto. "Miezi yote hii nakuona mtu mbaya, mama. Remmy naye nimemsema. Kwa nini hukuniambia nirudie?"

Kimya.

"Mama?"

Kimya. Mwajabu akageuka. Mama Esnath alikuwa anaokota kiazi chake kilichoponyoka, ametulia kabisa, kama mtu aliye peke yake. Alipoona mwenzake amegeuka, akainua macho, na macho yakaenda palepale, mdomoni.

Mwajabu akaliona hilo. Aliishi na watu kwa macho kwa miaka kadhaa na alikuwa anajua mtu anatazama nini. Akashusha nikabu taratibu, akasema kwa sauti ya kawaida, "Leo mnapika nini, mama?"

Mama Esnath akakitazama kile kitambaa. Akangoja. Akakisia.

"Ndiyo," alisema.

Mwajabu akakiinua. "Nimeuliza mnapika nini."

Mama Esnath akainamia ungo.

"Viazi," alisema baadaye. "Unaviona."

Moshi ulipita kati yao. Nje kuku walikuwa wanagombana, na mmoja tu kati ya wale wanawake wawili ndiye aliyejua.

"Tangu lini?" Mwajabu akauliza, uso ukiwa wazi na umenyooka mbele yake.

"Nilifanya kazi kiwanda cha mbao toka Remmy ananyonya. Msumeno ule ukiwaka, hata mawazo yako huyasikii. Mwanzo nikawa nasikia mluzi. Baadaye mluzi ukabaki peke yake." Akachukua kisu, akamenya. "Nasoma midomo. Aneth nampata vizuri, Remmy nampata. Anderson ana sharubu, nampata nusu. Wakati ule wa barakoa sikutoka nje, watu wakasema Esnath anaogopa ugonjwa. Simu nampa Aneth, nasema zinaniuma kichwa."

"Na hakuna anayejua?"

"Wanajua nina kiburi. Inatosha."

"Mama, si aibu."

"Wewe unasema. Mimi naimba alto. Namtazama mwenzangu Beatha mdomoni, akifungua nafungua, akifunga nafunga. Wakijua, wataniambia mama Esnath sasa upumzike. Mtu akishaambiwa apumzike, atawekwa kwenye kiti uani aanikwe kama maharage, awe anasalimiwa kwa kupungiwa mkono." Akamnyooshea kisu, si kwa ubaya. "Remmy akijua, kajua Aneth. Aneth akijua, kwaya nzima imejua. Nakuomba."

"Wanadhani unachukia dini yangu."

"Waache wadhani. Dini yako nimelala nayo kitanda kimoja maisha yote ya mume wangu. Siichukii. Ila nikuambie kabisa, hicho kitambaa sikipendi. Hata masikio yangu yangekuwa mazima nisingekipenda. Uso ni wa kuonana."

"Nimekusikia, mama."

"Na utaendelea kuvaa."

"Nitaendelea."

"Haya." Mama Esnath akatumbukiza kiazi majini. "Angalau hudanganyi. Sasa je, utawaambia?"

Mwajabu akafikiri. Neno moja tu lingemsafisha yeye, lingempa Remmy amani, lingewanyamazisha wajomba wote. Lakini aliwajua vizuri watu wanaomwendea mtu na kumwambia funua, tukuone, ni kwa faida yako.

"Sitasema," alijibu.

"Hata wakikulaumu?"

"Nimezoea."

Geti likalia. Mwajabu akaisikia sauti ya mwanamume, kisha ya pili, akashusha nikabu haraka. Mama Esnath akashtuka: nini? Mwajabu akanyoosha vidole viwili, akaviweka juu ya mdomo wake kama sharubu, akaelekeza geti. Yule mama akaelewa. Kwa mara ya kwanza akacheka, na akacheka kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, maana hakujisikia.

*

Mjomba Anderson alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa shamba la parachichi, na alizoea kuongea na watu walio upande wa pili wa bonde. Alipomkuta Mwajabu sebuleni na kitenge kikiwa mezani, aliketi, akavua kofia akaiweka gotini, akaona hapa pana kikao.

"Kamwene, binti."

"Kamwene, mjomba."

"Naona posa imerudi nyumbani. Mmeshindwana?"

Remmy alisimama karibu na mlango. Hakuketi. Alikitazama kitenge, kisha akamtazama Mwajabu, na Mwajabu akamtazama yeye mara moja tu. Mara hiyo ilikuwa na kila kitu alichokosa kwenye simu wiki nzima, naye akaukaza mkono kwenye kitasa cha mlango.

"Tumeongea na mama," Mwajabu alisema.

"Na?"

"Tumeelewana."

"Vizuri. Kwa hiyo utafungua uso siku ya utambulisho?"

"Hapana, mjomba."

"Dada," Anderson akamgeukia Mama Esnath, "kwa hiyo wewe umekubali aje amefunika?"

Mama Esnath alikuwa amekaa pembeni ya dirisha, penye mwanga. Alizitazama sharubu za kaka yake, akapata nusu.

"Mimi sina la kuongeza," alisema.

"Sasa mmeelewana nini?" Anderson akaweka mikono magotini. "Binti, mimi si mtu wa kuingilia dini. Shemeji yangu alikuwa Mwislamu, tumekula naye, tumemzika. Ila sisi huku mgeni tunamsoma usoni. Ukimpa uji, unaona kama kaupenda. Wewe nikikupa uji nitajuaje?"

"Nitakuambia, mjomba."

Aneth, aliyekuwa amerudi na mafuta yake na kujibanza mlango wa ndani, alicheka puani.

"Sema basi sababu," Anderson akasema. "Sababu moja tu ambayo nitawapelekea wazee. Mama hakutaki hivyo, wewe unasema mmeelewana, kitenge kiko mezani. Mtu mzima hawezi kupeleka habari kama hiyo kanisani."

Mwajabu akaitazama mikono yake. Sababu alikuwa nayo. Ilikuwa imekaa dirishani, imenyooka, inasoma midomo ya kila mtu isipokuwa wake.

"Sina, mjomba."

"Mwajabu," Remmy akasema. Alisogea hatua, akasimama. "Nilichokuambia juzi nilikosea. Naomba radhi mbele ya mjomba. Lakini nisaidie. Nipe kitu cha kushika. Mmeongea nini na mama?"

"Ya kwetu wawili."

"Hata mimi nisijue?"

"Hata wewe."

"Na kitenge?"

"Nilikuja kukirudisha. Baada ya kuongea, sikutaka tena. Lakini naona kitabaki tu." Akanyanyuka, akakaza kitambaa nyuma ya kichwa. Hakulia, au kama alilia hakuna aliyejua, na labda hiyo nayo ilikuwa faida yake. "Mjomba, naomba ruhusa. Magari ya Makambako yasije yakanipita."

Mjomba Anderson akatazama dari. Remmy akasogea mlangoni, si kumzuia, ila hakujua asimame wapi. "Mimi nimemwambia mama kila kitu," alisema, kama anajitetea kwa mtu ambaye hayupo. "Mama hasikii. Nifanyeje na mtu hasikii?"

"Umesema nini?" Mama Esnath akauliza.

Remmy akageuka. Alikuwa amechoka. "Nimesema husikii, mama."

Kumwambia mzazi hivyo mbele ya mgeni haikuwa kawaida ya nyumba ile.

Mama Esnath akamtazama mwanawe, kisha yule msichana aliyesimama na mkoba wake mkononi, amenyamaza, kitambaa kimetulia, hakuna hata pumzi inayokitingisha.

"Ni kweli," alisema. "Sisikii."

"Tunajua, dada," Anderson akasema. "Hukusikia tangu utoto. Baba alikuwa anakuita kichwa jiwe. Ndiyo maana tumekuja kukubembeleza."

"Anderson, nasema masikio."

"Eeh?"

"Masikio yangu. Haya. Hayasikii."

Anderson akachukua kofia gotini, akaiweka mbele ya mdomo wake kama mtu anayepiga mwayo, akasema kitu polepole. Mwajabu alikisikia: alimwita dada yake kwa jina la utotoni, jina la Kibena ambalo halijatajwa katika nyumba hiyo tangu wazazi wao wafe.

Mama Esnath akangoja.

"Nimesema nini?" Anderson akauliza, ameshusha kofia.

"Sijui. Ulikuwa na kofia."

Mzee yule akaitazama kofia yake muda mrefu.

"Kwa hiyo wimbo wa Pasaka," Aneth akasema kutoka mlangoni, "ule wa peke yako?"

"Nilimtazama Beatha akiufuatisha kwa midomo. Na wewe ukimwambia Beatha nitajua, kwa sababu mdomo wako nausoma hata ukiwa umelala."

Remmy alikuwa amekaa sasa, kwenye mkono wa kochi. Mambo yalikuwa yanajipanga kichwani mwake moja baada ya jingine: simu zinazouma kichwa, runinga inayopiga kelele, mama asiyeitika. Kisha likaja la mwisho, akamgeukia Mwajabu.

"Ukifika umsalimie."

"Ndiyo."

"Na wewe leo umejua, ukataka kuondoka bila kusema?"

"Halikuwa langu."

"Ungeniacha kweli?"

Mwajabu hakukwepa. "Ningeondoka. Kuacha ningeshindwa, lakini ungejuaje?"

Mjomba Anderson, ambaye hakuzoea mapenzi kusemwa sebuleni, akajikohoza.

"Mnasema nini?" Mama Esnath akauliza. "Huyu simwoni, na wewe Remmy umegeuka. Hiyo ndiyo shida yangu na hiyo nguo, sasa mmejua. Na bado siipendi, nimeshamwambia mwenyewe. Yeye kanijibu haivui. Basi, tumemaliza, tusirudie." Akavuta kitenge kutoka mezani, akakikunjua, akamtupia Mwajabu mabegani juu ya baibui lake jeusi. "Siku ya utambulisho wanawake tutakaa ndani. Mkwe wangu atafungua uso, niongee naye nishibe. Wanaume mtakaa nje."

Anderson akatazama dirishani. Ukungu ulikuwa umefika kwenye kamba ya nguo.

"Nje wapi, dada?"

"Uani."

"Mwezi wa saba?"

"Mna makoti."

"Nimealika wazee wa kanisa. Mmoja ana kifua."

"Atakaa karibu na jiko."

"Na mimi?" Remmy akauliza.

"Kwani wewe ni mwanamke?"

Remmy akamtazama mama yake, akamtazama mchumba wake. Juu ya kitambaa macho ya Mwajabu yalikuwa yamepungua kwa kicheko, na yeye aliyajua macho yale tangu mlango wa Makambako. Akasimama, akabeba kiti kimoja cha mbao, akatoka nacho. Kupitia dirishani wakamwona akikiweka katikati ya ua, akakaa, akafunga zipu ya jaketi na kupandisha kola mpaka puani. Akasema kitu kuelekea dirishani.

"Anasema nini?" Mama Esnath akauliza. "Kafunika mdomo, simpati."

Mwajabu akasogea kando ya kiti chake. Akampa mjomba Anderson mgongo, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akainua kitambaa kidogo, kiasi cha mdomo tu, akakikinga kwa kiganja upande wa wanaume.

"Anasema si baridi sana."

Mama Esnath akausoma ule mdomo hadi mwisho.

"Muongo," alisema. "Mwite aje anywe chai."